Magugu na Msongamano wa Mimea Bustanini: Yapasayo Kujulikana Kabla ya Kununua Dawa

Mwenye bustani ndogo nyumbani akizidiwa na magugu, wazo la kwanza linalomjia siku hizi ni kwenda dukani. Huko hupatikana viuagugu, na mara nyingi huuzwa kwa kipimo: muuzaji hufungua chupa ya lita moja, humimina kiasi katika chupa tupu ya maji au ya soda, na kutoa maelekezo kwa mdomo kwamba kizibo kimoja kinatosha ndoo moja. Mnunuzi hulipa fedha kidogo na kurudi nyumbani na kimiminika kisicho na jina, kisicho na tarehe ya mwisho wa matumizi wala tahadhari. Hukiweka jikoni au uvunguni mwa kitanda hadi siku ya kupulizia.

Sura hii inamhusu mnunuzi huyo. Hatukusudii kumkataza asinunue bidhaa iliyosajiliwa na kuruhusiwa kisheria. Tunakusudia aweze kupima mwenyewe kama anaihitaji. Kwa bustani ya mboga iliyo nyuma ya nyumba, maoni yetu ni kwamba mara nyingi haihitajiki, na sababu zake zitaonekana hapa chini.

Litambue gugu lako

Kabla ya hatua nyingine yoyote, tunapendekeza zoezi moja. Chagua mahali palipoota magugu kwa wingi, pima mraba wa sentimita 30 kwa 30, kisha uchimbe taratibu hadi kina cha sentimita 20 hivi, ukichambua udongo kwa vidole. Kilicho juu ya ardhi kinaweza kukupoteza. Kilicho chini ndicho kitakachokuonyesha ni kazi ya namna gani inayokusubiri.

Ukikuta mizizi myembamba tu inayong'oka pamoja na mmea, basi wageni wako ni wa msimu mmoja. Kundi hili ni kubwa: kishona nguo, mchicha pori, mnavu, mgagani na mengineyo. (Matatu ya mwisho huuzwa sokoni kama mboga, na hatuoni kwa nini yachukiwe yakiwa machanga, mradi hayajapuliziwa kitu.) Magugu haya huishi kwa mbegu. Mbegu nyingi hulala ardhini kwa miaka, zikisubiri mwanga na unyevu, na kila unapolima kwa kina unazileta juu zilizokuwa zimelala. Kwa hiyo palizi ya magugu haya inapaswa kuwa ya juujuu, kina cha vidole viwili tu, na ifanyike kabla ya maua. Njia inayosaidia zaidi ni kuandaa tuta mapema, kulimwagilia kama kwamba umekwisha kupanda, na kuyaacha magugu yaote kwa siku kumi hadi kumi na nne. Yakishaota, yakwangue bila kuchimba tena, ndipo upande. Umeyalaghai yatoke kabla ya mboga zako.

Ukikuta vinundu vidogo vyeusi au vya kahawia, vigumu, vyenye harufu, vilivyounganishwa na nyuzi mfano wa shanga, hiyo ni ndago. Hapa tunaomba subira ya msomaji, kwa kuwa ndago ndiyo inayowafanya watu wengi wanunue dawa, na ndiyo pia inayowakatisha tamaa baada ya kuinunua. Vinundu vyake vingi hukaa katika sentimita 15 za juu za udongo. Vikiwa vimeungana, kinundu kilichotangulia kuota huvizuia vingine visiote, hivyo vingi hubaki vimelala. Jembe linapokata uzi huo, kizuizi kinaondoka na kila kinundu huota kwa nafsi yake. Ndiyo maana mtu hulima ndago vizuri kabisa, na wiki mbili baadaye akaikuta imeongezeka. Karatasi ya plastiki haisaidii sana, kwani ncha ya ndago huitoboa.

Hata hivyo ndago ina udhaifu wa namna mbili. Kwanza, haivumilii kukauka. Wakati wa kiangazi, vinundu vikifukuliwa na kuachwa juu ya udongo mkavu, kwenye jua kali, kwa takriban wiki mbili, vingi hufa. Kazi hiyohiyo ikifanywa masika huwa ni kuipanda ndago upya. Pili, haipendi kivuli. Matembele au kunde zinazotambaa, zikifunika tuta lote, huidhoofisha msimu hadi msimu, nawe ukila majani. Usitarajie viazi vizuri mahali hapo, kwa sababu ndago hutoboa hata viazi. Mwenye eneo dogo anaweza pia kuing'oa ndago kila inapotoa majani manne au matano, kabla haijatengeneza vinundu vipya. Akiendelea hivyo bila kuruka wiki, hazina iliyo chini hupungua. Ni kazi ya miezi, si ya siku moja, na yeyote anayeahidi vinginevyo anauza kitu.

Ukikuta mashina marefu, meupe, magumu kama waya, yenye ncha kali, umekutana na sangari. Kipande kidogo chenye pingili moja huota. Tumia uma wa kuchimbia badala ya jembe ili uyatoe mashina yakiwa mazima, na usiyatupe kwenye shimo la mboji hadi yakauke kabisa. Tahadhari hiyo inalihusu pia lile gugu lenye shina laini la majimaji na ua dogo la bluu: likiachwa juu ya udongo wenye unyevu baada ya palizi huota mizizi na kuendelea na maisha. Gugu hilo, tuseme mapema, ni miongoni mwa yale ambayo viuagugu vya kawaida huyashinda kwa taabu.

Gugu karoti linahitaji maelezo ya peke yake kwa sababu madhara yake huwafikia watu. Asili yake ni Amerika, na nchini Tanzania liliripotiwa mkoani Arusha mwaka 2010. Majani yake yamechanika kama ya karoti, nayo maua yake ni madogo, meupe, mengi. Huanza kuchanua majuma manne hadi sita tu baada ya kuota, na mmea mmoja uliokomaa unaweza kutoa mbegu zaidi ya 15,000. Kwa baadhi ya watu huwasha ngozi na kuvimbisha, na chavua yake huamsha pumu. Ng'ombe akilila, maziwa huwa machungu. Usiling'oe kwa mikono mitupu. Vaa glavu na nguo za mikono mirefu, funika pua na mdomo, ling'oe kabla ya maua, na kama limekwisha kuchanua lifunge kwenye mfuko hapohapo kabla ya kulisogeza, kisha lichomwe ndani ya shimo. Mwarifu afisa kilimo wa kata hata kama umeona mimea miwili tu. Wenye pumu na watoto wasihusishwe katika kazi hii.

Msongamano

Watu wengi huyatenga mambo haya mawili: magugu ni adui, na mboga zikijazana ni neema. Sisi tunayaona kuwa jambo moja. Mche wa sukuma wiki uliobanwa na wenzake hukosa mwanga, maji na rutuba kama vile ungekuwa umebanwa na kishona nguo. Mmea haujui kwamba jirani yake umepandwa kwa makusudi.

Tuchukue tuta la mita 1.2 kwa mita 5. Sukuma wiki kwa nafasi ya sentimita 60 kati ya mistari na 45 kati ya mche na mche hutosha mistari miwili yenye miche kumi na mmoja, yaani miche 22. Ni kawaida kukuta tuta kama hilo likiwa na miche hamsini au sitini, kwa kuwa miche ilinunuliwa kwa fungu na mnunuzi aliona vibaya kuitupa. Matokeo yake ni majani madogo yanayogeuka manjano upesi, na nafasi isiyoingiza jembe wala mkono, hivyo magugu hukomaa humo bila kuguswa na kumwaga mbegu.

Kwa nyanya hasara ni kubwa zaidi. Nyanya zilizopandwa kwa sentimita 25 badala ya 50 hukaa na majani mabichi hadi saa nne asubuhi, kwa kuwa upepo haupiti. Bakajani hupenda hali hiyo. Mwenye bustani akiona madoa hurudi dukani kununua dawa ya ukungu, kisha huipulizia juu ya nyanya ambazo wanawe watazila wiki hiyo hiyo. Amenunua sumu ya pili kwa tatizo ambalo lingeweza kupunguzwa sana siku ya kupanda, kwa kutumia kamba na rula.

Kinyume chake pia kina gharama. Mimea iliyotengana mno huacha udongo mtupu, na udongo mtupu hautabaki hivyo kwa muda mrefu. Nafasi nzuri ni ile ambayo mimea ikikomaa majani yake hukutana bila kupandana. Kabla haijafika hapo, funika udongo kwa matandazo ya nyasi kavu zisizo na mbegu au majani makavu, unene wa kiganja, ukiacha sehemu ndogo kuzunguka shina. Majuma manne hadi sita ya kwanza baada ya kuhamishia miche ndiyo ya kuzingatia kuliko yote. Gugu linalochipuka baada ya hapo, mmea ukiwa umekwisha kutanda, halina nguvu sana ya kudhuru.

Mchicha uliomwagwa kwa mkono unahitaji kupunguzwa tangu wiki ya tatu. Ng'oa pamoja na mizizi, na ulichokipunguza ndicho mboga ya siku hiyo. Katika migomba, kanuni ya wazee ya kuacha mama, mtoto na mjukuu katika kila shina bado haijapata mbadala.

Hesabu ya chupa

Turudi kwenye dawa. Viuagugu hutengenezwa na kupimwa kwa ajili ya mashamba, na viwango vyake huandikwa kwa hekta. Lebo ikielekeza, kwa mfano, lita 3 kwa hekta, hizo ni mililita 0.3 kwa mita moja ya mraba. Bustani ya mita 8 kwa 5 ina mita za mraba 40, nayo ingehitaji mililita 12, ambazo hazijazi kijiko kimoja cha chakula. Chupa ya lita moja ingetosha bustani kama hiyo zaidi ya themanini. Hata chupa ya mililita 100 ni mara nane ya mahitaji.

Hesabu hii ndiyo inayozaa biashara ya kumimina katika chupa za soda. Bidhaa halali ni nyingi mno kwa mnunuzi mdogo, na kiasi kidogo kinapatikana kwa njia isiyo halali. Nacho kinachobaki baada ya kupulizia hubaki nyumbani. Baadhi ya viuagugu vina rangi inayofanana na kinywaji. Parakwati, mojawapo ya viuagugu vinavyojulikana zaidi duniani, haina dawa ya kuiondolea sumu mwilini, na mkupuo mmoja unaweza kumuua mtu mzima baada ya siku kadhaa za mateso. Mtoto anayeona chupa ya soda hafikirii kiuagugu.

Tena kuna swali la iwapo itafanya kazi. Glaifosati, iliyo ya kawaida madukani, huingia kupitia majani mabichi na kushuka hadi mizizini. Haiui mbegu zilizo ardhini, kwa hiyo mvua ikinyesha kizazi kingine huota. Kwa ndago, huua mmea wenye majani na vinundu vilivyo karibu, lakini vile vilivyolala na visivyo na jani lolote hubaki salama. Ikichanganywa na maji yenye tope hupoteza nguvu, kwani hung'ang'ania chembe za udongo. Nayo haichagui: upepo ukiisogeza mita mbili, mchicha hufa pamoja na gugu. Mwaka 2015 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka katika kundi la vitu ambavyo huenda husababisha saratani kwa binadamu. Taasisi nyingine za udhibiti zimefikia maoni tofauti. Mjadala huo haupaswi kumfanya mtu adharau glavu.

Kiuagugu kingine, 2,4-D, huua mimea yenye majani mapana na kuacha jamii ya nyasi. Aliyekinunua kwa ajili ya sangari amepoteza fedha, na kama jirani yake ana nyanya huenda akampotezea naye pia, kwa maana nyanya huathiriwa hata na mvuke wake. Bomba la kupulizia lililoazimwa na kusuuzwa juujuu linaweza kubeba mabaki yanayotosha kuzipotosha nyanya. Chumvi na oili chafu, ambazo wengine huzimwaga kama njia ya bei nafuu, huua udongo wenyewe. Pale panapomwagwa hapataota mboga kwa muda mrefu.

Yanayoingia kwa mlango wa mbele

Magugu mengi ya bustani za nyumbani hayakuja na upepo. Yalinunuliwa. Samadi mbichi huleta mbegu zilizopita tumboni mwa ng'ombe zikiwa hai. Nunua iliyoiva, yenye rangi ya udongo na isiyotoa joto, au irundike ukiifunika na kuigeuza kwa miezi miwili au mitatu kabla ya kutumia. Udongo wa kupandia uliochimbwa bondeni unaweza kuwa na vinundu vya ndago, hivyo uchambue konzi chache kabla ya kulipia gari zima. Miche iliyo kwenye viriba ikiwa na jani la ndago pembeni, iache, au umtake muuzaji aifungue mbele yako.

Maua nayo yasisahaulike. Gugu maji lililetwa Afrika kama pambo. Lantana hupandwa kama ua la uzio. Lile ua la njano linalotambaa kama zulia, lenye majani mazito yanayong'aa, linalopendwa sana na watunza bustani wa mijini, hutoa mizizi katika kila pingili. Yote matatu yamo katika orodha ya kimataifa ya viumbe vamizi mia moja vilivyo vibaya zaidi duniani. Ukiyapunguza, usitupe matawi kwenye mtaro au korongo. Maji ya mvua yatayapeleka shambani kwa mtu mwingine.

Ikibidi kununua

Kuna mahali ambapo kiuagugu kina sababu: kiwanja kilichotelekezwa kwa miaka, au uzio mrefu uliojaa sangari, mbali na mboga na kisima. Hapo nunua katika duka lenye kibali, chupa ikiwa na kifuniko kisichofunguliwa na lebo inayosomeka kwa Kiswahili. Tafuta namba ya usajili, jina la kiambato, tarehe ya mwisho wa matumizi, na kipimo. Tazama pia mstari wa rangi chini ya lebo: nyekundu ni sumu kali, njano ni ya wastani, bluu ni pungufu ya hapo, kijani ni ya chini kabisa. Rangi ya kijani haimaanishi kwamba kitu hicho kinanyweka. Dai risiti. Kama majirani wanne au watano wana tatizo lilelile, ni afadhali mnunue chupa moja kwa pamoja na kumlipa mpuliziaji aliyefunzwa, ili pasibaki akiba katika nyumba yoyote.

Muuzaji akikataa kukupa risiti, au akitaka kukumiminia, ondoka na utupe taarifa, ukitaja duka na siku. Huna haja ya kumgombeza.

Chupa ikiisha, isuuze mara tatu, maji ya kusuuzia yakirudishwa ndani ya bomba na kupuliziwa palepale, kisha itoboe ili isitumike tena kuwekea mafuta ya taa au maji. Usiichome jikoni.

Na mtu akimeza kiuagugu, usimlazimishe kutapika, wala usimpe maziwa kwa kudhani yatakata sumu, isipokuwa lebo au mtaalamu wa afya ameelekeza hivyo. Mvue nguo zilizolowa, osha ngozi kwa maji mengi na sabuni, umpeleke hospitali mara moja hata kama anaonekana mzima. Chukua chupa na lebo yake uende nayo. Daktari atauliza ni sumu gani, na chupa ya soda haitamjibu.